Kiti cha Asiyekuwepo

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1862, katika jumba la Royal Polytechnic lililokuwa barabara ya Regent jijini London, mwalimu wa kemia aliyeitwa John Henry Pepper aliwaonyesha wageni wake mzimu. Haukuwa mwigizaji aliyepakwa unga usoni. Ulisimama jukwaani kati ya watu wenye nyama na damu, vitu vilivyokuwa nyuma yake vikionekana kupitia mwilini mwake, kisha ukafifia na kutoweka palepale uliposimama, pasipo mlango wala pazia.

Siri ilikuwa kioo. Mbele ya jukwaa kulisimamishwa kioo kikubwa kisicho na doa, kimeinamishwa kuelekea watazamaji. Chini, katika shimo lililofichika, mwigizaji mwingine alimulikwa kwa taa kali. Taswira yake iliakisiwa na kioo, na watu waliokuwa ukumbini wakaiona kana kwamba iko nyuma ya kioo, ndani ya chumba kilekile cha mchezo. Taa ikipunguzwa, mzimu unafifia. Waigizaji wa juu ya jukwaa wao hawakuuona kabisa. Walinyooshea hewa mikono, kwa kukariri tu mahali ambapo mzimu ulitakiwa kuwa.

Mchezo wenyewe ulitolewa katika kisa cha Charles Dickens kiitwacho The Haunted Man, kilichochapishwa mwaka 1848. Mkemia aliyelemewa na huzuni za zamani anatokewa na mzimu unaofanana naye, nao unamwahidi kumfutia kumbukumbu za machungu yake yote. Anakubali. Tangu hapo hana huruma na mtu, na anaokutana nao wanaambukizwa ukavu uleule wa moyo. Asiyekumbuka alivyoumizwa hana cha kusamehe. Kwa hiyo watu walioingia Polytechnic usiku ule waliletewa somo la tabia, na somo hilo lilikuja na kitu kilichosimama mbele yao ilhali hakikuwepo.

Naanza na kioo hicho kwa sababu ndicho babu wa jambo ambalo watengeneza programu na baadhi ya walimu wanalipigia debe siku hizi: uhalisia ulioongezwa. Tofauti na uhalisia pepe, unaomfunika mtu macho na kumpeleka pengine, huu unamwacha alipo, darasani au uwanjani, na kumwongezea kitu juu ya vile anavyoviona. Mtoto anaelekeza simu kwenye ukurasa wa kitabu. Kikaragosi kinainuka juu ya karatasi, kinasalimia, kinafika kwenye foleni ya uji na kusita, na mtoto anaamua kama kijipenyeze mbele au kisubiri. Au anavaa miwani inayomwonyesha, pembeni ya uso wa mwenzake, kwamba mwenzake amekasirika. Wanaoutaka shuleni wanasema maadili yaliyoandikwa ubaoni hayamgusi mtoto, lakini akiyaona yakitembea juu ya dawati lake mwenyewe yatamwingia. Wapo watafsiri wanaouita uhalisia ulioboreshwa. Mimi nalikataa neno hilo. Kuongeza si kuboresha, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuuziwa maziwa yaliyoongezwa maji.

Hoja ya kulileta somo ndani ya chumba cha mwanafunzi ina umri mrefu kuliko simu. Ukiifuatilia unaona jambo linalojirudia: kitu kilichoongezwa kinafika salama, somo ndilo linalopotea njiani.

Pepper alikuwa mwalimu kwelikweli. Royal Polytechnic ilifunguliwa mwaka 1838 ili watu wa kawaida waone mashine na kusikia mihadhara ya sayansi, naye alikuwa amepanga usiku ule, mzimu ukishatoweka, asimame aeleze jinsi kioo kinavyofanya kazi. Ameandika mwenyewe kwamba mshtuko wa wageni ulipita matarajio yake, akaahirisha maelezo, na siku iliyofuata akaenda kwa mawakala wa hataza kuandikisha uvumbuzi huo kwa jina lake na la Henry Dircks, mhandisi aliyelitoa wazo hilo mwaka 1858 bila kupata jumba lililokubali kubomolewa na kujengwa upya kwa ajili yake. Kati ya kufundisha na kumiliki, Pepper alitanguliza kumiliki. Uamuzi huo wa usiku mmoja umerudiwa na wengi tangu siku ile, na sioni kama umezeeka.

Karibu miaka tisa kabla yake, Januari 1854, taa nyingine iliwashwa mbali kabisa na London. David Livingstone, akiwa safarini kuelekea Luanda, alikaa siku kadhaa katika mji wa Shinte, mtawala wa Walunda katika eneo ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia. Katika mizigo yake mlikuwa na taa ya picha: sanduku lenye taa na lenzi, linalokuza na kutupa mbele picha iliyochorwa kwenye kipande cha kioo. Shinte alikusanya wakuu wake na kina mama wa nyumba yake waje waone.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiwa amemwinulia kisu mwanawe Isaka, kubwa kama mtu halisi. Wanaume walisema inafanana na mungu kuliko sanamu za miti na udongo. Wanawake walitulia kimya. Kisha Livingstone akakisogeza kile kipande cha kioo ili abadilishe picha, na mkono wenye kisu ukawajongelea. Walipiga kelele kwa pamoja wakiwaita mama zao, wakatimua mbio, wakaangukiana, wakapita juu ya vibanda vya mizimu na miche ya tumbaku. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Shinte alikaa mpaka mwisho, na picha zilipokwisha akaikagua mashine kwa makini.

Kisa hicho kilisomwa Ulaya kama kichekesho. Mimi nikikisoma nawaona wale wanawake wakiwa na akili timamu. Kwa mmisionari, Ibrahimu alikuwa mfano wa utii. Lakini hebu kaa ulipokuwa umekaa wewe mama, usiku, na mbele yako amesimama mzee asiyejulikana akitaka kumchinja mtoto, halafu kisu kinaugeukia upande wako. Somo walilolipata lilikuwa la kweli, ila halikuwa lile lililobebwa kwenye sanduku. Kwa upande wa Livingstone, ni haki kusema kwamba alijitahidi kueleza kuwa mashine yake haina uchawi. Aliandika pia kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kufundisha aliyowahi kubembelezwa airudie, na kwamba watu walitoka mbali ili waone picha na wasikie maelezo. Na wasikie maelezo: naomba msomaji asiyaache maneno hayo yapite.

Sasa tuje Usambara. Juu milimani, upande wa Korogwe, kuna mahali paitwapo Vugiri. Hapo, kati ya 1935 na 1937, paliwekwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, na mlezi wake alikuwa Baraza la Kimataifa la Misheni. Aliyeongoza upigaji picha, Meja L. A. Notcutt, alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, na huko ndiko alikopata wazo kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike. Hakuficha, aliliandika hilo katika kitabu alichokitoa na G. C. Latham mwaka 1937.

Zilitengenezwa filamu 35. Gari lililobeba mashine lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, likisimika turubai jeupe penye uwanja. Filamu zilikuwa bubu, na maneno yalitiwa kwenye santuri katika lugha za watazamaji, Kiswahili kikiwemo. Wazo kubwa lilikuwa lilelile la kioo cha Pepper, yaani kumwekea mtazamaji somo ndani ya chumba anachokijua. Waigizaji walikuwa Waafrika, nyumba na mashamba yalikuwa ya hapahapa. Filamu ya Benki ya Posta ilionyesha kwamba fedha iliyofukiwa nyumbani huibwa na ile iliyopelekwa Posta hukaa salama. Nyingine ilieleza kodi inakokwenda. Iitwayo Gumu ilimfuata kijana wa kijijini anayekwenda mjini na kuharibikiwa. Safura nayo ilipata filamu yake, na hiyo siwezi kuibeza, maana minyoo haina siasa.

Lakini zitazame kwa pamoja. Tabia njema ina sura moja: weka akiba Posta, lipa kodi, usiukimbilie mji. Mwenye kufundishwa ni kibarua. Meneja wa shamba hakuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba milima ileile na nchi inayoizunguka ilikuwa na njia yake ya kuongeza vitu kwenye chumba cha mwanafunzi. Hans Cory, Mwaustria aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alikusanya na kueleza vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago kwa Wanguu, Wazigua, Wasambaa na majirani zao. Kitabu chake juu ya vinyago hivyo kilitoka mwaka 1956. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa fumbo. Ukimwona mnyama wa udongo, au mtu, au chombo cha nyumbani, huwezi kubahatisha kinachosemwa juu ya ndoa, uvivu, wizi au heshima kwa wakwe. Mkufunzi hukishika, huimba, wanafunzi huimba naye, na maana hufunguliwa kidogo kidogo mpaka inakaa.

Sitaki kuyapamba mafunzo hayo. Mengi yalimfundisha msichana anyamaze mahali ambapo leo tungemtaka aseme, na ukali wake ulikuwa ukali wa kweli. Ninachokiona ni ufundi wa kazi. Kinyago hakikutengenezwa kijisemee. Pasipo kungwi na wimbo ni udongo mkavu, na aliyekifinyanga alikusudia hivyo. Filamu ya Vugiri ilikusudiwa kinyume chake: santuri iseme, mashine izunguke, gari liondoke usiku uleule kwenda kijiji kingine. Nani angebaki kujibu maswali asubuhi?

Kuna kisa kingine cha aina hii ambacho Marshall McLuhan alikieneza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, naye alikipata kwa John Wilson wa London. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya kufundisha usafi na uondoaji wa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Waonyeshaji hawakujua kama ndani ya filamu yao mna kuku. Wakaipitia picha moja moja, na kweli, kwa muda wa sekunde hivi, kuku alikatiza pembeni. Kisa hicho kilipokewa kama ushahidi kwamba watu hao hawajajifunza kutazama. Kwangu ni ushahidi kwamba walitazama vizuri kuliko mwenye filamu. Kila kitu kingine kilikwenda polepole kwa makusudi, ili wajinga waelewe. Kuku peke yake alikwenda mwendo wa maisha.

Watoto wa Marekani nao wana kuku wao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Coronet ya Illinois ilizijaza shule za nchi ile filamu fupi za adabu: jinsi ya kupendwa na wenzako, jinsi ya kumwalika msichana, jinsi ya kula. Mwaka 1960 ilitoka Lunchroom Manners. Ndani yake watoto wanatazama kikaragosi cha mkononi kiitwacho Mr. Bungle, asiyenawa, asiyechana nywele, anayejipenyeza kwenye foleni ya chakula. Mtoto mmoja, Phil, anaazimia kutokuwa kama yeye, na anapata sifa. Mwaka 1985 vijana wa sekondari huko Eureka, California, walianzisha bendi ya muziki wa fujo tupu wakaiita Mr. Bungle. Bendi iitwayo Phil sijaisikia.

Mpaka hapo mashine zote hizi zilikuwa na sifa moja ambayo ni rahisi kuipita. Zilikuwa vipofu. Kioo cha Pepper hakikujua nani amekaa ukumbini. Taa ya Livingstone haikuona wanawake wakikimbia. Turubai la Vugiri halikuweza kujua kama kibarua aliyekaa mstari wa nyuma anacheka au amelala, na kama alikuwa anamcheka mwizi au anaicheka Posta. Mwanafunzi alikuwa huru ndani ya kichwa chake, na uhuru huo ndio uliomfanya aone kuku.

Mabadiliko yalianza mwaka 1968. Ivan Sutherland, akifanya kazi Harvard, alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani chenye vioo vidogo viwili mbele ya macho. Vioo hivyo viliakisi michoro ya mistari juu ya chumba halisi, kama Pepper alivyofanya, ila safari hii kwa mtazamaji mmoja. Mkono wa chuma uliunganisha kichwa cha mvaaji na dari, na kazi ya mkono huo ilikuwa kupima kichwa kimegeukia wapi. Bila kipimo hicho mchoro usingetulia. Ili mzimu ubaki palepale wewe unapotembea, mashine haina budi kukutazama wewe kwanza.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na sehemu kubwa ni ya viwandani. Jina lenyewe lilitoka Boeing, ambako mwaka 1992 Tom Caudell na David Mizell walieleza mpango wa kumwonyesha fundi, juu ya ubao wake halisi, nyaya za ndege zipite wapi. Mwaka 1999 Kato Hirokazu wa Japani alitoa programu ya ARToolKit, iliyotumia kamera kutambua mraba mweusi uliochapwa kwenye karatasi na kusimamisha picha juu yake. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakiongozwa na Mark Billinghurst walionyesha MagicBook, kitabu ambacho wahusika wake huinuka kutoka kwenye kurasa. Hicho ndicho mzazi wa vitabu vinavyouzwa sasa kwa ajili ya watoto. Kamera ikaingia, na haikutoka tena.

Julai 2016 dunia nzima ikajaribiwa kwa mkupuo. Mchezo wa Pokémon GO uliwatoa watu nje kuwinda viumbe wanaoonekana kwenye simu tu, wakiwa juu ya nyasi na meza na ngazi za kweli. Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi jijini Washington iliwaomba wageni waache kucheza ndani ya jengo. Auschwitz, huko Poland, iliomba iondolewe kabisa kwenye mchezo huo. Watu walikuwa wakikamata vikaragosi mahali palipouawa zaidi ya watu milioni moja. Sidhani walikuwa watu wabaya. Ramani iliyoongezwa juu ya mahali pale haikujua pale ni wapi, nao kwa dakika chache wakawa wanaiamini ramani kuliko macho yao. Yeyote anayetaka kifaa hiki kifundishe adabu aanzie hapo: kilipofika mikononi mwa umma kwa mkupuo, ilibidi watu waombwe wakumbuke adabu.

Hata hivyo, jaribio lililonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito lilifanyika Stanford na kuchapishwa mwaka 2019, na Mark Roman Miller, Jeremy Bailenson na wenzao. Watu walivalishwa miwani ya uhalisia ulioongezwa, wakamwona ndani ya chumba halisi mtu wa kubuni aliyeitwa Chris amekaa kwenye kiti halisi. Pembeni kulikuwa na kiti kingine. Kisha wakaambiwa waketi. Wote waliokuwa bado wamevaa miwani walikikwepa kiti cha Chris. Hilo halishangazi sana. Lakini wengine waliambiwa wavue miwani kwanza, na mbele yao vikabaki viti viwili vitupu, wazi kabisa. Asilimia 72 walikaa kwenye kile kingine. Kiti alichokalia asiyekuwepo walikiacha.

Soma tena. Hiyo ni adabu kamili. Mtoto wa kwetu anafundishwa kwa miaka asikalie kiti cha mkubwa, na hapa watu wazima, kwa dakika chache, wamefundishwa kumheshimu mtu ambaye wanajua hayupo, na heshima hiyo imebaki hata kifaa kilipotolewa usoni. Hakuna aliyewaambia waheshimu. Pepper angetoa hataza zake zote ili apate hilo. Kwa hiyo siwezi kujiunga na wanaosema kwamba vitu hivi ni michezo tu na haviingii moyoni. Vinaingia. Ila jaribio jingine ndani ya utafiti uleule liliwaweka watu wawili wawili wazungumze, mmoja akiwa na miwani ya uhalisia ulioongezwa na mwingine hana. Mwenye miwani alijihisi kuwa mbali zaidi na yule binadamu aliyekaa naye. Heshima ilikuwa imekwenda kwa mzimu, na jirani ndiye aliyepungukiwa.

Mwaka huohuo kundi jingine la Stanford lilichapisha matokeo ya kazi yenye unyenyekevu zaidi. Watoto 71 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 12, waligawanywa makundi mawili. Wote waliendelea na tiba zao za kawaida, na kundi moja likaongezewa miwani ya Google Glass iliyounganishwa na simu. Kamera ya miwani ilisoma uso wa mtu aliye mbele na kumjulisha mtoto: huyu ana furaha, huyu ana hasira, huyu ameshangaa. Waliyotumia miwani walipanda zaidi kwenye kipimo cha ujuzi wa kuishi na watu. Hapa mashine ilifanya kazi ambayo kinyago cha udongo kisingeiweza, na nisingependa mzazi yeyote anyimwe kwa sababu ya mashaka ya mwandishi.

Lakini angalia namna ilivyotumika. Ilikuwa dakika 20, mara nne kwa wiki, kwa wiki sita, nyumbani, mtoto akicheza na watu wa familia yake. Uso uliosomwa ulikuwa wa mama, baba au ndugu, aliyekaa mbele yake na kukunja sura kwa makusudi, mtoto akisie. Kungwi alikuwepo. Nyimbo tu ndizo zilizobadilika. Na Machi 2023 Google ilipoacha kuuza Glass, uso wa mama ulibaki ulipokuwa.

Shule ni kitu kingine. Kwetu, kwa shule nyingi, simu ya mwanafunzi bado ni kosa la kuitiwa mzazi, kwa hiyo kifaa kikiingia darasani kitakuwa mikononi mwa mwalimu au cha kampuni, na watoto watakuwa 60 au zaidi. Kikaragosi kinachomuuliza mtoto kama atajipenyeza kwenye foleni kinapata jibu, na jibu linaweza kuandikwa, kuhesabiwa, kulinganishwa na la mwezi jana. Mtoto aliyewahi kuiba embe na kujifunza kwa fimbo ya bibi alikuwa na bahati moja: bibi alisahau. Sheria zimeanza kuliona hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nchini Kenya, chini ya sheria ya 2019, shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za watoto pasipo idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida. Miwani inayosoma hasira haiwezi kuanza kazi kabla haijampiga mtoto picha, na kuendelea kumpiga, kila sekunde ambayo somo linaendelea.

Na mtoto anayejua anatazamwa hujifunza kutazamwa. Kila aliyesoma bweni anaifahamu adabu ya aina hiyo: hudumu mpaka nyayo za mwalimu wa zamu zinapoishia kwenye kona.

Kama ningeulizwa somo la kwanza liwe lipi, ningemfuata Shinte, aliyekaa mpaka mwisho akaikagua mashine. Programu za kusoma mraba mweusi zinapatikana bure, na alama zake huchapwa kwenye karatasi ya kawaida. Mpe mtoto karatasi na simu moja kwa watoto watano, na mwalimu akae nao chini. Kikaragosi kitainuka, kitainama, kitaanza kusalimia. Kisha mmoja wao, kwa bahati au kwa utundu, ataweka kidole juu ya ukingo wa ule mraba. Kamera haioni tena pembe nne. Kikaragosi kinakatika katikati ya salamu, na watoto watano wanainua macho kwa pamoja kumtazama mwenye kidole, wakitaka akitoe, akirudishe, akitoe tena.